Wadudu wa Fundi Barasa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye tangu siku hiyo hana tena haja ya kujua ni saa ngapi. Nimeitundika jikoni na inafanya kazi vizuri, asanteni. Mliniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu pale mtamboni, na Daktari Nakato akasisitiza niandike mambo ya kitaalamu. Nitajaribu. Lakini utaalamu wangu wote niliuacha kwenye rafu za maabara, umefunikwa na kubandikwa majina. Kichwani nimeondoka na watu, na mmoja wao kuliko wote. Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyokulia. Baba yangu alikuwa polisi, Mkristo kutoka Lira. Mama yangu Mwislamu kutoka Arua. Na kwetu katika kambi ya polisi Kiswahili ndicho kilichowapatanisha. Tulilishwa kwa Kiswahili na tukachapwa kwa Kiswahili. Nje ya kambi mambo yalikuwa mengine. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na mjini Kampala mtu akisikia Kiswahili, lugha ya wanajeshi, nyuma yake, kwanza anatafuta njia ya kukimbilia. Kwa hiyo nilipofika langoni mwa mtambo wa maji taka na cheti changu cha maabara, nikasikia mtu ndani ya shimo la pampu akiimba wimbo wa kanisani kwa Kiswahili, tena kwa sauti mbaya sana, nilijua nimefika nyumbani.

Huyo ndiye Fundi Barasa. Alikuwa Mkenya kutoka pande za Bungoma, aliyekuja Kampala kutafuta kazi kabla ya vita na kukaa vita vyote akilinda pampu ambazo mwishowe ziliibwa mbele ya macho yake. Alitoka shimoni, akaangalia viatu vyangu vipya, akasikitika.

"Jina?"

"Zainabu Akello."

"Baba anafanya kazi gani?"

"Polisi."

"Basi wewe ni mtoto wa afande. Ngoja nikupatie gambuti."

Akaniletea gambuti mbili, buti za mpira, zote za mguu wa kushoto. Za kulia zilikuwa zimeondoka na wanajeshi. "Vaa tu," akasema. "Hapa hatukimbii."

Ninyi mmeukuta mtambo ukiwa na uzio, taa na geti linalofunguka. Sisi tuliukuta mti umeota katikati ya chujio, na ndege kaloli, wale wenye upara na mfuko shingoni, wamesimama juu ya kuta za mabwawa kama wajumbe wa bodi. Maabara ilikuwa chumba chenye sinki. Mizani hakuna, tanuri hakuna. Fundi alinifundisha kulipima tope kwa fimbo iliyozungushiwa kitambaa cheupe: unaizamisha hadi chini, unaitoa polepole, unaangalia kitambaa kimekuwa cheusi mpaka wapi. Alinifundisha pia kunusa. Tope zima linanuka udongo uliolowa. Tope linaloumwa linanuka yai viza. Na alinikataza kabisa kutaja jina halisi la kile tulichokuwa tunakishughulikia. Pale kiliitwa mzigo. "Mzigo umefika," tulisema, au "leo mzigo ni mzito," na hasa baada ya sikukuu ulikuwa mzito kweli.

Wakati huo Fundi aliishi Bwaise na mkewe, Selina. Sikumwona Selina mpaka mwezi wa pili, lakini chakula chake nilikijua tangu wiki ya kwanza. Fundi alifika na vyombo viwili badala ya kimoja, akaniwekea changu juu ya sinki. "Mke wangu anasema mtoto wa afande akikonda hapa kwetu, polisi watatushika." Ilikuwa mukene, dagaa wa ziwani, na ugali wa mtama, na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Nilipokutana naye hatimaye alinikumbatia kabla hajaniamkia, nikiwa bado na gambuti. Watu wa kazi yetu hatukumbatiwi ovyo. Nilimpenda Selina kuanzia hapo.

Sasa nije kwenye mwaka wa mvua zisizokatika, maana bila huo hamtaelewa yanayofuata. Bwaise iko bondeni, mnaijua. Maji yalijaa mashimo ya vyoo, yakayainua yaliyomo na kuyatembeza majumbani. Maabara yetu ilipima visima vya mjini kutwa nzima, na kila chupa niliyoifungua ilikuwa na habari mbaya. Kipindupindu kikaingia. Fundi hakuwa akilala kwake. Alikuwa mtamboni, kiunoni ndani ya maji, akipigana na pampu ili mzigo usirudi mjini. Alikuwa anauzuia huku, na huku nyuma ukapitia mlangoni kwake. Selina aliugua asubuhi. Fundi alipopata habari na kufika Bwaise, alikuta watu wa afya wameshampulizia maiti klorini na kumfunga ndani ya plastiki. Hakuruhusiwa kumgusa. Nilikuwa nimemfuata, nikasimama naye uani, miguu yetu ndani ya maji yaleyale.

Alihama wiki hiyohiyo, akapanga chumba Kansanga, kule mlimani, nyuma ya maduka, na hakukanyaga tena Bwaise. Aliporudi kazini aliweka ndoo ya maji ya klorini langoni. Hakuna aliyepita bila kuchovya mikono, awe mfagiaji, awe mkurugenzi. Hakuna aliyepeana mkono na mwenzake kabla ya ndoo. Spana zake alizilaza kwenye klorini kila jioni mpaka zikaanza kuliwa na kutu, naye akanunua nyingine na kuzilaza vilevile. Wapya walidhani ni sheria ya mtambo. Wakija wageni, Fundi alipitisha klorini juu ya kila kitu ambacho mgeni angeweza kugusa, pamoja na viti. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kusema karibu.

Miaka ikapita, kama inavyofanya. Pampu mpya zikaja, tanuri ikaja, nikapata viatu vya miguu yote miwili. Fundi akastaafu, akaitwa tena kwa mkataba kwa sababu pampu hazikuwa zinamsikiliza mtu mwingine. Ndipo akaja Daktari Nakato kutoka chuo kikuu, mwanamke kijana, mwembamba, akitembea kwa haraka, na ndoto yake ya kupata umeme kutoka kwenye tope.

Ninyi mnalijua jambo hili kwa mahesabu yake. Mimi nitaliandika nilivyolielewa siku ile, kwa ajili ya watakaokuja baada yenu. Ndani ya tope kuna wadudu wasioonekana ambao hula uchafu. Wanapokula, kuna chembe ndogo za umeme wanazotaka kuzitua. Penye hewa, hewa inazipokea na hadithi inaishia hapo. Ukiwanyima hewa na kuwawekea kitambaa cha kaboni, wanajishika juu yake, wanajenga utando, na chembe zile wanaitemea kaboni kama mtoto anavyotema mbegu za chungwa. Unaweka kaboni nyingine upande wa pili, penye hewa, unaunganisha kwa waya, na njiani unaweka taa. Basi. Kwa siri niwaambie kwamba umeme wenyewe hauwezi kuchemsha hata kikombe cha chai. Lakini ukiyaunganisha masanduku kadhaa na kuwavumilia wadudu kutwa nzima wakijaza betri ndogo, jioni unapata mwanga wa kumwonyesha mtu mahali pa kuweka mguu.

Na hilo ndilo Daktari alilolitaka: mwanga wa kuweka mguu. Choo cha umma kilikuwa kinajengwa Bwaise, kimeinuliwa juu ya saruji ili mafuriko yasikifikie, na wanawake wa pale walikuwa wamesema waziwazi kwamba choo chenye giza hawaingii. Nyaya za umeme wa kawaida zilikuwa zinaibwa kabla fundi umeme hajashuka kwenye ngazi. Daktari akasema choo kijiwashie taa chenyewe.

Masanduku aliyatengeneza Fundi. Tulikwenda naye Katwe, kwenye karakana za wale wanaoweza kukutengenezea chochote mradi usiulize chuma kimetoka wapi, tukatafuta plastiki nene na boliti zisizoshika kutu. Waya wa shaba tulijaribu mara moja. Wadudu wakafa, kwa sababu shaba ni sumu kwao. Kumbukeni hilo. Kumbukeni pia kwamba maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo ya kuongezea lazima yawe ya mvua, au yaliyolazwa ndooni juani. Mimi kazi yangu ilikuwa kulisha, kupima na kusubiri, na katika hayo matatu kusubiri ndiko kulikonizeesha.

Taa ilipowaka mara ya kwanza, kitaa chekundu kidogo kuliko punje ya mahindi, Daktari alikaa sakafuni akacheka na kulia pamoja. Fundi aliinama akaiangalia kwa muda mrefu.

"Hawa wadudu," akaniuliza kando, "ni walewale?"

"Si wale, Fundi. Wale wa kipindupindu ni wengine."

"Lakini wanakaa pamoja. Kwa mzigo mmoja."

"Wanakaa pamoja."

Akaenda kunawa. Tangu siku hiyo alifanya kila alichoombwa, akakaza kila boliti, lakini sikumwona akiiangalia tena ile taa. Nilielewa. Mtu ametumia nusu ya maisha yake kuwaua, sasa anaambiwa awajengee nyumba.

Kabla ya kuturuhusu kuweka tangi letu la masanduku hayo chini ya choo chao, kamati ya wakazi wa Bwaise ilitaka kuja mtamboni kuona kwa macho. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa pacha, ndiyo maana wote walimwita Nalongo, muuza mkaa mwenye mabega mapana na maneno machache. Kila kitu kilikuwa tayari siku iliyotangulia. Asubuhi wakafika, wanawake wengi wao, baadhi na watoto mgongoni. Daktari akaeleza vizuri, akabonyeza swichi. Giza. Akabonyeza tena. Nilichukua tesita nikapima sanduku la kwanza: sifuri. La pili: sifuri. Nikafungua mfuniko, na kabla sijaona chochote nilisikia harufu niliyoijua kuliko zote pale kazini, ya klorini. Kaboni ilikuwa safi, nyeusi, inang'aa. Utando wote wa miezi mingi ulikuwa umesuguliwa na kuoshwa.

Hakuna mahali pengine duniani ambapo kosa lile lingetokea. Sisi tu, watu wa ndoo, ndio tungeweza kupokea wageni kwa kuwaua wenyeji.

"Nani aliosha hii?" Daktari akauliza.

"Ni mimi," Fundi akasema. "Ilikuwa na utelezi."

"Mzee. Mzee wangu. Hiyo utelezi ndiyo ilikuwa kazi yote."

Nalongo akasimama, akajipangusa nguo. Hakuwa na hasira. "Sisi hatuuziwi mbuzi ndani ya gunia," akasema. "Nyinyi natengeneza, naleta Bwaise, sisi naona huko huko. Ikikataa, basi, shimo yetu sisi nafunga na saruji." Wakaondoka. Fundi naye akavua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Nilimfuata Kansanga. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, baa ya jirani ikipiga muziki mchana kweupe, naye anachambua mboga zisizohitaji kuchambuliwa. Nikakaa chini, nikachukua fungu langu.

"Daktari ananilaani," akasema.

"Daktari anakuulizia. Anasema bila wewe masanduku yanavuja."

"Nilisikia wamama watakuja na watoto. Watoto wanagusa kila kitu, Zainabu. Halafu wanaweka mkono mdomoni. Nikasema siwezi. Nilijua hiyo utelezi ni nini, Daktari alieleza, mimi si mjinga. Lakini mkono wangu ulikataa kuiacha."

Mara nyingi katika kazi hii nimewapa watu majibu ya maabara. Siku ile nilimwambia tu ukweli: "Siwezi kukuapia kwamba tope litakuwa safi, Fundi. Tope ni tope. Litakuwa ndani ya tangi, chini ya mfuniko, na watoto watakuwa juu yake. Mimi najua kulipima. Kulifunga lisitoke, hata mafuriko yakija, sijui. Wewe unajua."

Mboga zikaisha. Alipoinuka kwenda kuziosha nilimwona akijifuta macho kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa vimelowa.

Alirudi. Daktari alimkuta langoni, akapiga goti kumwamkia kama binti anavyomwamkia baba yake, na mambo ya yule mbuzi na gunia hayakutajwa tena kati yao. Sanduku moja lilikuwa limenusurika, kwa sababu tu klorini ilimwishia Fundi kabla hajalifikia. Tulilitumia kama mbegu. Tuliosha mengine kwa dawa ya kuvunja klorini, kisha kwa maji ya mvua, tukayajaza tope jeusi la chini kabisa ya bwawa, tukakata vipande vya ile kaboni yenye utando na kugawa. Halafu tukasubiri. Kwa wiki nyingi tesita haikusema kitu. Fundi alikuja kila asubuhi na kuniuliza "Wameamka?" kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa wodini, na sikujua kama anaomba waamke au wasiamke. Siku sindano ya tesita ilipotikisika nilimwita. Aliiangalia, akavuta pumzi, akasema, "Basi nitengeneze mfuniko."

Aliutengeneza mfuniko ambao ninyi bado mnaunakili: mpira mara mbili, boliti pande zote, na bomba la hewa lililopandishwa juu kuliko alama ya maji ya mafuriko yoyote anayoyakumbuka mtu yeyote. Alama yenyewe hakuuliza mtu. Aliichora mwenyewe kwa chaki.

Siku ya kwenda Bwaise nilidhani atatuma kijana. Alipanda gari mbele, karibu na dereva, amevaa shati la kanisani. Tulipofika hakutazama kulia wala kushoto. Alifunga tangi, akakaza kila boliti, akalijaribu kwa maji, akapita na kitambaa kikavu pande zote kutafuta unyevu. Hakuna. Kisha wadudu wakapewa siku zao za kuzoea, na jioni ya kamati tukarudi wote. Ndani ya choo kulikuwa kumeshakuwa na giza la kutosha. Daktari akabonyeza. Taa zikawaka, hafifu, lakini sakafu ilionekana, na ndoo, na komeo la mlango.

Wanawake waliingia mmoja mmoja kuangalia. Wengine wakacheka, wengine wakapiga vigelegele. Nalongo aliingia wa mwisho, akakaa humo kwa muda, akatoka. Hakuja kwa Daktari. Alikuja kwa Fundi, maana ndiye mzee pekee aliyekuwa pale.

"Muzee, hii taa muzuri. Lakini hii wadudu nakaa chini ya watu yangu, na hapa maji nakuja mpaka balabala. Mimi nauliza kitu moja. Bibi yako wa nyumbani, wewe naweza leta yeye kuingia hapa?"

Nilifungua mdomo nimjibie. Fundi aliinua mkono kidogo, nikaufunga.

"Bibi yangu alikuwa na choo ya hapa," akasema, akaonyesha upande wa mfereji. "Ilikuwa pale. Haikuwa na taa, na mvua ikinyesha maji yalikuwa yanafika hapa." Akagusa goti lake. "Alikufa mwaka wa kipindupindu. Hii ningemleta mimi mwenyewe, mama. Ningemsubiri nje mpaka atoke."

Nalongo, ambaye pale Bwaise alipigiwa magoti na wengi na yeye hakumpigia mtu, akashuka chini polepole, magoti yake kwenye saruji iliyolowa, akaishika mikono ya Fundi kwa mikono yake miwili.

"Kitalo, ssebo," akasema, ndiyo pole ya watu wa hapa kwa aliyefiwa. "Kitalo nnyo. Alikuwa naitwa nani?"

"Selina," Fundi akamwambia. "Alikuwa anaitwa Selina."